Nimefanya nini, nimepania nini: kuyasema kwa Kihispania

Mkesha mmoja wa mwaka mpya nilikuwa naongoza Wahispania watano kutoka kambi ya Barafu kwenda kilele cha Kilimanjaro. Ilipofika saa nane usiku mmoja wao akatusimamisha. Kwao Madrid, alisema, ndiyo kwanza inagonga saa sita. Akatoa mkobani kikopo cha zabibu, kumi na mbili kwa kila mtu, nami nikapewa fungu langu. Zilikuwa zimekuwa ngumu kama golori kwa baridi. Tukatafuna tukiwa tumesimama, tochi za kichwani zikimulika mvuke wa pumzi zetu. Kisha mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza: "Y tú, ¿cuántas veces has subido?"

Kihispania changu wakati ule kilitosha kumweleza mtu kwamba tembo hubeba mimba miezi 22. Nikajibu kwa kujiamini: "Yo subo cuarenta y uno veces." Maana yake "mimi napanda mara arobaini na moja", na hata hiyo moja nimeikosea jinsia. Akatabasamu, akaniuliza tena "propósitos" zangu za mwaka ni zipi. Neno sikulijua. Nikajibu "sí, gracias", tukaendelea kupanda.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefika pale nilipokuwa: unaagiza chakula, unaelekeza njia, unataja bei, lakini mtu akikuuliza umefanya nini maishani na unapanga nini, maneno yanakwisha. Nimeupanga kwa hatua. Ya pili ndiyo yenye kazi, ipe jioni mbili tatu. Nyingine hazikuli muda.

Hatua ya kwanza: anza na karatasi, kwa Kiswahili

Wengi wetu tumejifunza Kihispania kupitia vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza. Tunatoka Kiswahili, tunapita Uingereza, ndipo tunafika Hispania, na njiani tunapoteza mizigo. Katika jambo hili hasa, njia ya mkato ni Kiswahili chenyewe. Viambishi ulivyonyonya na maziwa ya mama yako vinafanya karibu kazi ileile inayofanywa na nyakati za Kihispania.

Kwa hiyo andika mambo matano uliyofanikiwa, mawili yaliyokushinda, na matatu unayoyapania. Andika kama unavyomwambia rafiki kijiweni:

Nimeacha sigara.
Nimeshalipa mkopo wa pikipiki.
Mwaka 2021 nilifaulu mtihani wa kuongoza watalii.
Nilipandishwa cheo.
Sijajenga bado.
Mwakani nitajifunza kuogelea.

Sasa zungushia duara -me-, -mesha-, -li-, -ja-, -ta-, na ile -w- ya kutendwa. Usitafsiri kitu kwanza. Duara hizo ndizo zitakazokuambia cha kufanya.

Hatua ya pili: -me- na -li-

Penye -me-, weka wakati ambao sarufi ya Kihispania huuita "pretérito perfecto". Penye -li-, weka "pretérito indefinido". Mwaka huu nimesoma vitabu kumi: "Este año he leído diez libros." Mwaka jana nilisoma vitabu vinne: "El año pasado leí cuatro libros." Mwaka huu haujaisha, uko mikononi, mwaka jana umefungwa na ufunguo umetupwa. Mhispania wa Madrid anasema "esta mañana he desayunado bien" hata kama ni jioni, kwa kuwa siku bado ni ileile, kama wewe unavyoweza kusema "leo asubuhi nimekula vizuri" ukiwa unasubiri chakula cha usiku. Aliyepitia Kiingereza hapo anakwama. Wewe pita tu.

Kuunda "perfecto" ni rahisi. Chukua kitenzi kisaidizi "haber": he, has, ha, hemos, habéis, han. Kisha kitenzi chako kikiisha na -ar, kigeuze kiwe -ado. Kikiisha na -er au -ir, kiwe -ido. Trabajar, "he trabajado". Aprender, "he aprendido". Vipo vichache vyenye kiburi ambavyo ni vya kukariri tu: hecho (fanya), dicho (sema), visto (ona), escrito (andika), puesto (weka), abierto (fungua), vuelto (rudi), roto (vunja), muerto (kufa), resuelto (tatua). Herufi h haitamkwi, kwa hiyo "he hecho" inasikika "e echo", na hiyo ch ni ya "chai" kabisa.

Kuna mitego miwili, na yote miwili inatoka kwetu. Wa kwanza ni upatanisho. Sisi tumelelewa na ngeli: vitabu vimesomwa, barua zimeandikwa, kila kitu kinafuatana. Ukikutana na "cartas", neno la kike la wingi, mkono unawasha kuandika "he escritas". Usifanye hivyo. Baada ya "haber" neno halibadiliki kamwe: "he escrito tres cartas", "hemos escrito", "ellas han escrito". Mtego wa pili ni wa kuingiza kitu katikati. Kiswahili kinapachika -sha- ndani ya kitenzi, nimeshapanda, basi mtu anasema "he ya subido". Kihispania hakikubali chochote kikae kati ya "he" na mwenzake. Sema "ya he subido".

Hapo tumefika kwenye kitu kinachonifurahisha kila ninapokifundisha. Nimeshafanya ni "ya he hecho". Sijafanya bado ni "todavía no he hecho". Kiambishi -ja-, ambacho wageni wanaojifunza Kiswahili hukilalamikia, kwako ni zawadi: kila penye -ja- andika "todavía no" halafu "perfecto", basi. Sijajenga bado: "Todavía no he construido mi casa." Hujawahi kuona bahari? "¿Nunca has visto el mar?" Nimewahi kufika Zanzibar mara mbili: "He estado en Zanzíbar dos veces."

Kwa -li- kazi ni kubwa kidogo, kwa sababu miisho inabadilika kwa kila mtu. Vitenzi vya -ar: hablé, hablaste, habló, hablamos, hablasteis, hablaron. Vya -er na -ir: comí, comiste, comió, comimos, comisteis, comieron. Vinavyotumika zaidi kwenye habari za mafanikio ndivyo visivyofuata kanuni: hice (nilifanya), tuve (nilikuwa na, nilipata), pude (niliweza), fui (nilikwenda, nilikuwa), estuve (nilikuwa mahali), vine (nilikuja), di (nilitoa), dije (nilisema), puse (niliweka). Kariri hizo za "mimi" kwanza, maana unajisimulia mwenyewe. Na ile -ka- ya masimulizi, nikaenda, nikafika, nikapewa, kwa Kihispania inabaki kuwa "indefinido" tu: "fui, llegué..."

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo Mswahili hutambulika akiwa hata hajaonekana. Mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, daima, bila kufikiri. Kwa Kihispania mkazo unaweza kuhama, na ukihama unabadilisha mtu na wakati. "Trabajo", mkazo kwenye ba, ni nafanya kazi. "Trabajó", mkazo kwenye jo, ni alifanya kazi. "Llego" ni nafika, "llegó" ni alifika. "Logro" ni nafanikiwa, au jina lenyewe, fanikio. "Logró" ni alifanikiwa. Ukisema "mi padre trabajo aquí treinta años" kwa lafudhi ya Pwani, msikilizaji anapata "baba yangu mimi nafanya kazi hapa miaka thelathini". Alama juu ya herufi si pambo. Chukua vitenzi kumi, vitamke viwiliviwili kwa sauti, hablo habló, compro compró, gano ganó, ukipiga kofi kwenye silabi yenye mkazo. Jirani atashangaa. Mwache ashangae.

Na kwa kuwa tunazungumzia matamshi: mwaka ni "año", yenye ñ, ambayo ni ny ya "nyanya". Ukisahau kile kijiti juu ya n unapata "ano", nalo ni tundu la haja kubwa. Kadi nyingi za heri ya mwaka mpya zimetumwa na watu wasiojua walichomtakia mwenzao.

Sasa mahali ambapo -me- inakudanganya. Kuna vitenzi vyetu ambavyo -me- haielezi tendo lililokwisha bali hali iliyopo. Amelala: "está dormido", si "ha dormido". Amesimama: "está de pie". Amevaa koti: "lleva un abrigo". Amechoka: "está cansado". Jiulize: je, hali bado iko mbele ya macho yangu? Kama iko, tafuta "estar". Vivyo hivyo na muda unaoendelea. Nimekaa Arusha miaka kumi, na bado niko: "Llevo diez años en Arusha." Nina miaka miwili nasoma Kihispania: "Llevo dos años estudiando español." Ukitafsiri neno kwa neno utasema "tengo dos años estudiando", Meksiko, Venezuela na visiwa vya Karibi utaeleweka, maana nao husema hivyo, lakini Madrid watadhani ulitaka kusema kitu kingine. "Viví diez años en Arusha" maana yake ulikaa ukahama.

Jambo la mwisho katika hatua hii, usije ukanilaumu. Yote niliyosema kuhusu "he hecho" ni ya Hispania, na hata huko si kote: Galicia, Asturias na visiwa vya Kanari hupenda "indefinido". Meksiko, Argentina na sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini, mtu atakuambia "este año leí diez libros" na "ya lo hice", mwaka ukiwa bado unaendelea. Kwao "he" hubaki zaidi kwa jambo ambalo halijafikia mwisho: "este año no he podido descansar", mwaka huu sijapata nafasi ya kupumzika, na hadi sasa sijapata. Wageni wako wakitoka Bogotá au Buenos Aires, ukitumia -li- karibu kila mahali hutakosea sana. Wakitoka Madrid, fuata Kiswahili chako.

Hatua ya tatu: maneno ya mafanikio yenyewe

Neno moja litakubeba mbali: "cumplir", yaani kutimiza. Tunasema kutimiza ahadi, kutimiza ndoto, kutimiza miaka. Kihispania kinasema "cumplir una promesa", "cumplir un sueño", "cumplir años". Nimetimiza miaka thelathini: "He cumplido treinta años." Ni nadra lugha mbili zisizo na undugu kukutana hivyo.

Kwa kufanikiwa kufanya jambo, tumia "lograr" au "conseguir" na kitenzi kinachofuata bila kuweka kitu kati: "Logré terminar la carrera", nilifanikiwa kumaliza shahada. "He conseguido ahorrar", nimefanikiwa kuweka akiba. "Conseguir" pia ni kupata: "conseguí trabajo". Kufaulu mtihani ni "aprobar" Hispania, na kwingi Amerika ya Kilatini husema pia "pasar el examen"; kufeli ni "suspender" kwa wa kwanza na "reprobar" kwa Wameksiko. Mafanikio kwa jumla ni "éxito", na "tener éxito" ni kufanikiwa. Ukikutana na "suceso", usiruke kwa furaha ukidhani ni "success" ya Kiingereza. Hilo ni tukio tu, na magazeti hulitumia hata kwa ajali.

Kisha ile -w-. Sisi tunapenda kutendwa: nilipandishwa cheo, nilipewa tuzo, nilichaguliwa mwenyekiti. Ukigeuza moja kwa moja utaandika "fui dado un premio", sentensi ambayo Mhispania hawezi kuimeza. Wao huigeuza iwe "walinifanyia", bila kutaja akina nani: "me dieron un premio", "me ascendieron", "me eligieron presidente". Ni kama sisi tunaposema "wamenipandisha cheo", hakuna anayeuliza hao "wa" ni nani. Kila penye -w- kwenye karatasi yako, irudishe kwanza kwenye "wali-" au "wame-", halafu ndipo uvuke.

Ukitaka mafanikio yaonekane makubwa, onyesha ulikotoka. Kwa hilo kuna wakati wa tatu, "imperfecto", ambao kwetu ni "nilikuwa na-" au "nilikuwa si-": nilikuwa navuta, "fumaba", nilikuwa sijui kitu, "no sabía nada". -ar inakuwa -aba, -er na -ir zinakuwa -ía, na visivyofuata kanuni ni vitatu tu, era, iba na veía. Sentensi moja inatosha: "Antes fumaba un paquete al día, lo dejé en 2022." Zamani nilikuwa navuta pakiti kwa siku; niliacha mwaka 2022. Usiutumie huu kusimulia tukio lenyewe. Huu ni wa mandhari.

Hatua ya nne: ya mbele

"Propósitos de Año Nuevo" ndiyo maazimio ya mwaka mpya. Kama yule mama wa mlimani angenifundisha neno hilo moja, ningeona usiku ule mfupi zaidi.

Hispania hasa, usiku wa Desemba 31 huitwa "Nochevieja", usiku mkongwe, na nchi karibu nzima hutazama saa ya uwanja wa Puerta del Sol mjini Madrid kwenye televisheni. Kengele hugonga mara 12, kama sekunde tatu kati ya moja na nyingine, na kila mlio ni zabibu moja: "las doce uvas". Kabla yake kengele ndogo hulia kwa jozi nne, "los cuartos", na kila mwaka kuna anayedanganyika akaanza kutafuna mapema. Kolombia kuna wanaozunguka mtaa wakiburuta sanduku tupu la safari ili mwaka uwaletee safari. Ekwado huchoma sanamu ya mwaka mzee barabarani. Halafu asubuhi yake wote wanaanza na propósitos zilezile: "dejar de fumar", "apuntarse al gimnasio", "comer mejor", "ahorrar", na kwa Wahispania wengi, "aprender inglés". Nikiwasikia hucheka kimoyomoyo. Mimi niko mbioni kuwafuata wao, wao wanakimbilia kwingine.

Namna za kusema nia yako:

"Me he propuesto aprender a nadar." Nimeazimia kujifunza kuogelea. Angalia -me- imerudi: uamuzi umeshafanyika, kilichobaki ni maji.

"Voy a construir una habitación más." Nitajenga chumba kimoja zaidi. Hii ndiyo -ta- ya kila siku. Ule wakati ujao wa kitabuni, "construiré", upo na ni sahihi, ila kinywani unasikika kama ahadi ya kiapo, au hotuba.

"Pienso ahorrar algo cada mes." Nakusudia kuweka akiba kidogo kila mwezi. Baada ya "pienso" kitenzi kinafuata moja kwa moja, usichomeke "de".

"A ver si este año me saco el carné." Tuone kama mwaka huu nitapata leseni ya udereva. Hii ndiyo lugha ya watu hasa. Haina majigambo, na ukishindwa hakuna wa kukusuta. Tumia wakati uliopo baada ya "si", siyo ujao.

"De este año no pasa." Mwaka huu hauishi kabla sijalifanya. Kwa jambo uliloahirisha mpaka unaona haya.

Sasa vile viunganishi vidogo vinavyotuangusha. Kwetu ku- inafuata ku- bila shida: kuacha kuvuta, kuanza kukimbia, kujifunza kupika. Kihispania kinataka daraja katikati, na daraja linategemea kitenzi: "dejar DE fumar", "empezar A correr", "aprender A cocinar", "volver A estudiar" (kusoma tena), "tratar DE dormir más". Lakini "lograr", "conseguir", "intentar", "querer" na "pensar" havitaki daraja lolote. Sidhani kuna mantiki; vikariri kama jina la mtu na la baba yake. Na "de" ya "dejar" ishike sana, maana ukisema "he dejado fumar" umesema umeruhusu watu wavute, jambo ambalo si azimio la afya.

Kuna kosa jingine la -po-. Nitakapomaliza mkopo nitanunua gari. Sisi tunaweka ujao pande zote mbili, kwa hiyo mtu anaandika "cuando terminaré". Hapana. Baada ya "cuando" yenye kutazama mbele, Kihispania kinataka "subjuntivo": "Cuando termine de pagar el préstamo, voy a comprar un coche." Usiogope neno. Kwa vitenzi vya -ar umbo hilo huishia na -e, kama yetu ya afike, aseme, amalize: "que llegue", "que hable", "que termine". Ya -er na -ir ndiyo huishia na -a, hapo bahati imeisha.

Umbo hilohilo ndilo linalofuata "ojalá", na hapa ndugu zangu wa Pwani mtajisikia nyumbani. Waislamu waliotumia Kiarabu walitawala sehemu za rasi yenye Hispania na Ureno kuanzia mwaka 711 hadi 1492, na neno hili ni masalia ya usemi wao wa Mungu akipenda. Inshallah na "ojalá" hazikuzaliwa na sentensi moja kamili, lakini ni watoto wa nyumba moja. Tofauti yake ni kwamba "ojalá" imeshasahau dini. Asiyeamini chochote huitumia. "Ojalá termine este año", inshallah nimalize mwaka huu. Vivyo hivyo "hasta", yaani mpaka, inatokana na neno la Kiarabu lililotupa sisi "hata", ile hata ya zamani ya kutoka asubuhi hata jioni. "¿Hasta cuándo?" ni "hata lini?", neno kwa neno. Na kuna sentensi ya Januari ya kuikariri: "Hasta ahora no lo he conseguido", hadi sasa sijafanikiwa.

Ukiishiwa fedha mwezi huo, wana jina lake: "la cuesta de enero", mlima wa Januari. Sisi tunatania kwamba Januari ina siku tisini, Wakenya wakaiita Njaanuari. Ukitaja "la cuesta de enero" mbele ya Mhispania mwenye bili za Krismasi, umepata rafiki.

Hatua ya tano: mpe mwenzako nafasi

Usijisimulie mwenyewe tu hadi watu wapige miayo. Uliza: "¿Qué has hecho este año?", "¿De qué estás más orgulloso?", "¿Tienes algún propósito?" Akikuambia amefaulu, Hispania hongera yake ni "¡enhorabuena!"; Meksiko watasema "¡felicidades!", na Kolombia "¡felicitaciones!". Akikuambia ameshindwa, utatamani kumpa pole, na pole haina mwenzake. "Lo siento" ni nzito mno kwa leseni ya udereva. "¡Qué pena!" na "¡ánimo!" zinatosha, na "otra vez será", siku nyingine itawezekana, ndiyo inayokaribia zaidi ile tunayoitaka.

Na kama malezi yako yanakuzuia kujisifu, anza na "gracias a Dios" au "poco a poco", kidogokidogo. Hakuna atakayeshangaa.

Yote kwa pamoja

Hiki ndicho ningemjibu yule mama. Kisome kwa sauti mara tano, halafu weka ya kwako kutoka kwenye karatasi ya hatua ya kwanza:

"He subido al Kilimanjaro cuarenta y una veces. Cuando empecé, no sabía ni una palabra de español. Llevo dos años estudiando. En 2021 aprobé el examen de guía y hace poco me ascendieron. He dejado de fumar, y de eso estoy muy orgulloso. Todavía no he construido mi casa. Este año pienso ahorrar, y a ver si de una vez aprendo a nadar. Ojalá."

Ukiwa mwanamke, "orgulloso" inakuwa "orgullosa", maana hiyo inafuata "estar" nayo inabadilika. "He subido", "he dejado" na "he construido" ziache zilivyo. Na "veces" ni ya kike kwa kila mtu: cuarenta y una.